Mgeni ndani ya leba

Mkoba wa mjamzito anayekwenda kujifungua unajulikana Tanzania nzima. Mna khanga mbili tatu, mpira wa kutandika kitandani, pamba, wembe mpya, kibanio cha kitovu au uzi wake, nguo za mtoto, chupa ya chai na glovu. Kisera, huduma za uzazi katika vituo vya umma ni bure. Lakini kila anayehudhuria kliniki anaijua orodha ile, na mwenye kujiweza kidogo huinunua polepole mimba ikiwa bado changa, maana uchungu ukishaanza usiku wa manane, duka la dawa la nje ya geti halikopeshi.

Sasa fikiria kando ya kitanda cha mama huyo amesimama binti wa miaka 21, mwanafunzi wa ukunga kutoka Uingereza, aliyekuja kwa wiki nne. Muuguzi wa zamu ameshampima mama njia na kuandika kwenye patografu, chati ya kufuatilia uchungu: sentimita sita. Binti naye anataka kupima, ajue vidole vyake vinamwambia nini. Anaomba kwa Kiingereza, muuguzi anaitikia kwa kichwa, glovu nyingine zinatolewa mkobani. Zilikuwa jozi nne, zimebaki mbili. Mama aliyezinunua, anayepimwa mara ya pili ndani ya nusu saa, hajaulizwa.

Hakuna mtu mbaya hapo. Binti ana moyo safi, amechangisha nauli mwaka mzima kwa kuuza keki na kufanya kazi baa. Muuguzi ni mkarimu, kama alivyolelewa. Na bado kuna aliyechukuliwa kitu bila ridhaa yake. Makala mengi kuhusu wanafunzi wa afya wanaokuja kwetu kujifunza huishia kwenye moyo safi wa mgeni au kwenye kiburi chake. Mimi nadhani moyo wake si hoja kubwa. Hoja ni nani mwenye kusema ndiyo, na nani mwenye uwezo wa kusema hapana.

Kila mwaka wanafunzi wa ukunga, uuguzi na udaktari kutoka Ulaya, Marekani na Australia huja Dar es Salaam, Arusha, Moshi, Mwanza na Zanzibar kwa mafunzo ya vitendo. Baadhi huletwa na vyuo vyao kwa makubaliano ya miaka mingi na hospitali mwenyeji, na huja na mwalimu. Wengine hulipia kampuni zinazowatafutia hospitali, nyumba, mpishi na masomo ya Kiswahili, na Jumamosi ikifika, safari ya Ngorongoro au ufukwe wa Nungwi.

Kinachowaleta kinaeleweka. Kwa kanuni za Umoja wa Ulaya, ambazo ndizo zilizolea pia mfumo wa Uingereza, mwanafunzi wa ukunga hafuzu mpaka awe amezalisha wanawake 40 kwa mikono yake. Wazazi wakikosekana idadi hushuka hadi 30, lakini awe amesaidia katika uzazi mwingine wa wanawake 20. Katika nchi ambazo familia nyingi zina mtoto mmoja au wawili, na wanawake wengi hujifungua kwa upasuaji, kuitimiza idadi hiyo ni kibarua. Tanzania mwanamke huzaa wastani wa watoto 4.8, kwa mujibu wa Utafiti wa Demografia na Afya wa 2022. Hata pale chuo kisipohesabu watoto waliozaliwa ng'ambo, mkono uliozoea kazi haurudi nyumbani mtupu.

Leba anayoikuta mgeni imefurika, na imefurika kwa sababu ya mafanikio. Utafiti wa 2015/16 ulionyesha asilimia 63 ya wanaojifungua walikuwa wakifanya hivyo katika vituo vya afya. Ule wa 2022 uliwakuta asilimia 81. Katika kipindi hicho hicho makadirio ya vifo vya uzazi yalishuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Wanawake waliambiwa waje hospitali, na wamekuja. Vitanda, mapazia na wakunga havikuongezeka kwa kasi hiyo. Upungufu huu si wetu peke yetu: ripoti ya hali ya ukunga duniani ya mwaka 2021, iliyoongozwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Idadi ya Watu, ilikadiria kuwa dunia inapungukiwa wakunga 900,000. Lakini mkunga wa zamu ya usiku anayezunguka peke yake kati ya vitanda vitano hapati faraja kwenye hesabu ya dunia. Akija mgeni asiyejua Kiswahili, huyo ni wa sita wa kuangaliwa.

Kabla ya kuondoka kwao wageni hupewa semina. Nimesoma baadhi ya vijitabu wanavyopewa, na vingine vinachekesha bila kukusudia. Vaa sketi ndefu. Pokea kwa mkono wa kulia. Usimbusu mpenzi wako barabarani. Amkia watu kwa shikamoo. Basi utamkuta binti wa watu anamwinamia mzazi wa miaka 18 na kumpa shikamoo kwa adabu zote, na yule mtoto wa watu, katikati ya uchungu, hajui aitikie marahaba au amwite muuguzi.

Simdharau anayejifunza kuamkia. Salamu ni kitu kikubwa kwetu, na anayeingia wodini akaanza na faili kabla ya habari za asubuhi ameanza vibaya. Yapo mambo ya mila ambayo mkunga mgeni anafaa kuyajua kwa sababu yanagusa kazi yenyewe. Mama anaweza kuwa amekunywa dawa ya kienyeji ya kuharakisha uchungu na hatasema mpaka aulizwe kwa upole, mbali na masikio ya mama mkwe. Zipo familia zinazotaka kondo la nyuma likazikwe nyumbani. Mwanamke aliyelelewa kwamba kupiga kelele leba ni aibu atanyamaza hata anapopasuka, kwa hiyo ukimya wake haupimi maumivu yake. Mtoto akizaliwa, mgeni asiyejua kusema mashallah pwani anaposifu uzuri wake atawaona bibi zake wakibadilika uso. Na siku arobaini za kukandwa kwa maji ya moto na kunyweshwa uji wa pilipili manga zina watu wake wa kuzisimamia. Mgeni si mmoja wao.

Hayo hujifunzwa kwa wiki moja, na yanaweza kuandikwa kwenye karatasi moja. Kisichoingia kwenye karatasi ni ule uzito anaoingia nao wodini bila kuubeba kwa makusudi. Mzungu aliyevaa koti jeupe au sare za bluu, kwa mgonjwa wetu, ni daktari. Atajitambulisha kuwa ni mwanafunzi, ataitwa daktari. Atakaa kimya, ndugu wa mgonjwa watamfuata kumwuliza dozi. Mwanamke aliyelala chali, khanga imefunuliwa, akiulizwa na mtu wa namna hiyo kama anaweza kupimwa, atakubali. Angekubali chochote. Anadhani akikataa, manesi watamsusa, na usiku bado mrefu.

Kwa hiyo ridhaa ya leba haiwezi kuombwa pale pale na yule yule anayetaka kupima. Inafaa iombwe na muuguzi wa wodi, kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama, mgeni akiwa hayupo kitandani, na ikiwezekana mapema, kliniki, wakati mama bado anaweza kufikiri na kushauriana na wenzake. Iwe na maneno ya wazi: huyu ni mwanafunzi, si daktari, kazi yake hapa ni kujifunza, ukikataa utahudumiwa vile vile. Kisha jibu liandikwe kwenye faili ili zamu ya usiku isianze upya.

Na kupimwa njia si jambo la kurudiarudia. Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya mwaka 2018 kuhusu huduma wakati wa uchungu, linashauri kipimo hicho kifanywe kila baada ya saa nne katika hatua ambayo uchungu umeshachanganya. Limeonya pia dhidi ya vipimo vingi vinavyofanywa na watu wengi, hasa katika hospitali za kufundishia, kwa sababu kila kipimo ni mlango wa maambukizi. Kumbe basi hata mama akiridhia kwa moyo mkunjufu, somo la mgeni lina mpaka wa kitabibu. Kama kipimo cha saa nne kimefika na mwanafunzi amekubaliwa, apime yeye, muuguzi athibitishe pale tu penye shaka. Glovu ziwe za chuo chake.

Hilo la mwisho ni la fedha, na fedha ndiyo sura ambayo haisemwi kwa sauti. Mwanafunzi hulipa kampuni kiasi ambacho kwa mshahara wa muuguzi wa wilaya ni miezi kadhaa. Sehemu hufika hospitali kama ada. Muuguzi anayefundisha, anayetafsiri, anayechelewa kuandika ripoti yake kwa sababu alikuwa anaeleza jinsi ya kushika kichwa cha mtoto, mara nyingi hapati hata nauli ya ziada. Mwaka 2010 kundi la wataalamu wa maadili ya mafunzo ya afya ya kimataifa lilichapisha mwongozo unaotaka taasisi inayotuma wanafunzi itambue gharama halisi anayobeba mwenyeji na kuifidia. Ni waraka wa kurasa chache, uko wazi. Ungesomwa kwenye vikao vya mikataba, wodi nyingi zingekuwa na mapazia.

Mwanaanthropolojia Noelle Sullivan wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, ameandika kwa miaka kadhaa kuhusu wageni wanaojitolea katika hospitali za Tanzania, na ameitazama kazi ya kumpokea mgeni kama kazi kamili, yenye matumaini yake na gharama zake. Tunaijua vizuri bila hata kusoma. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji hukaribisha akitarajia kwamba huenda uhusiano ukazaa mashine ya oksijeni, barua ya ufadhili, rafiki wa kumwandikia baadaye. Ni vigumu kumkatalia mtu ambaye mganga mkuu amemleta mwenyewe na kupiga naye picha. Na muuguzi aliyemwona mgeni akikosea hujiuliza mara mbili kabla ya kumkemea, ingawa mwanafunzi wa Kitanzania aliyekosea kosa hilo hilo angekemewa mbele ya wodi nzima.

Huyo mwanafunzi wa Kitanzania ndiye anayesahaulika kabisa. Naye ana kitabu chake cha kujaza, naye anahitaji idadi. Mgeni anapopewa kitanda, yeye husogea nyuma, mara nyingine akageuzwa mkalimani. Sheria haiwatofautishi: kwa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, ukunga hutolewa na aliyesajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga, na mwanafunzi, awe ametoka Ifakara au Leeds, hugusa mgonjwa chini ya macho ya mwenye leseni. Wodini kuna ngazi nyingine ambayo haikuandikwa, na rangi ya ngozi imo.

Kuna jambo moja linalonikera kuliko yote katika habari hii, na sijaona likitajwa. Katika hospitali nyingi za umma mama mzazi wa yule anayejifungua haruhusiwi kuingia leba. Anakaa nje, kwenye benchi au chini ya mwarobaini, na chupa yake ya chai, akisubiri saa ya kuona wagonjwa. Sababu inayotolewa ni ya kweli: wodi ni moja, mapazia hayatoshi, na faragha ya kitanda cha pili itaharibiwa na mgeni wa kitanda cha kwanza. Lakini mwanafunzi kutoka ng'ambo, ambaye hajawahi kumwona mama huyo maishani, anaingia asubuhi na kutoka jioni. Faragha imemkataza mama, haikumkataza mgeni.

Mapendekezo yale yale ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2018 yanataka kila mwanamke awe na msindikizaji anayemchagua mwenyewe. Kigoma, mradi wa Thamini Uhai ulijaribu jambo hilo katika vituo vya umma, wanawake wakaingia na watu wao, na wodi hazikuanguka. Kwa hiyo inawezekana. Hospitali ikishaweza kuweka nafasi kwa mwanafunzi wa kigeni, imekiri kwamba nafasi ipo, na mwenye haki ya kwanza ya nafasi hiyo anajulikana.

Nimesema hakuna mtu mbaya katika picha ya mwanzo. Zipo picha nyingine. Wanafunzi wageni hurudi kwao na simulizi za kofi la paja, za mama kuulizwa mbona hakulia alipokuwa akiitafuta hiyo mimba, za kushonwa bila ganzi. Tukizisikia tunakasirika, na hasira yetu huelekea kwa msimuliaji. Lakini matendo hayo yapo. Utafiti uliofanywa mkoani Tanga na kuongozwa na Margaret Kruk ulikuta asilimia 19 ya wanawake waliohojiwa wakati wanatoka kituoni walisema walitendewa vibaya kwa namna fulani wakati wa kujifungua. Walipofuatwa nyumbani wiki kadhaa baadaye, idadi ilipanda hadi asilimia 28. Umbali na geti la hospitali ndio ulioongeza ujasiri.

Hapo ndipo mafunzo ya kuheshimu mila yanapoweza kupotoka. Mgeni aliyefundishwa kwamba asihukumu utamaduni wa watu huona kofi, akajiambia labda ndivyo wanavyofanya huku. Huko ni kututukana mara mbili. Kofi si utamaduni wa Waswahili, wala wa Wachaga, wala wa Wasukuma. Mkunga wa jadi aliyemzalisha bibi yangu alikuwa mkali wa maneno, lakini alimkanda mgongo usiku kucha. Kofi ni zao la wodi iliyojaa, mtumishi aliyechoka, ukali alioupokea yeye mwenyewe chuoni, na imani kwamba mwanamke asipotishwa hatasukuma. Maadili ya Shirikisho la Kimataifa la Wakunga yanaweka mambo mawili kwa pamoja: mkunga aheshimu tofauti za kitamaduni, na papo hapo afanye kazi ya kuondoa yanayodhuru ndani ya tamaduni hizo hizo. Muungano wa Utepe Mweupe, wenye tawi lake Tanzania, uliweka haki za mwanamke anayejifungua kwenye hati mwaka 2011, na waliozipigania hapa ni Watanzania.

Sasa mgeni afanye nini akiona? Asirekodi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na picha ya mama aliye leba haihitaji hata sheria ili ijulikane si ya kurushwa mtandaoni, hata uso ukifunikwa na moyo mwekundu. Asihutubie wodi pia. Asogee kwa mama, amshike mkono, amfunike. Baada ya zamu amwambie msimamizi wake alichokiona, kwa jina la kitendo na bila jina la kabila. Kama hana msimamizi wa kumwambia, basi hakupaswa kuwepo pale, na hilo ni kosa la aliyemleta.

Wala asifikiri ametoka peponi. Mwaka 2022 mkunga Donna Ockenden alitoa ripoti yake kuhusu hospitali za Shrewsbury na Telford nchini Uingereza, baada ya kupitia mikasa ya familia 1,486. Alihitimisha kuwa watoto 201 huenda wangeishi kama huduma ingekuwa bora. Miongoni mwa aliyoyakuta ni wanawake ambao hawakusikilizwa. Na takwimu za Uingereza za 2020 hadi 2022 zinaonyesha mwanamke mweusi ana hatari ya kufa kwa uzazi karibu mara tatu ya mwanamke mzungu. Katika wanawake hao wamo Wakongo, Wasomali wa Barawa, Wakenya na Watanzania wanaojifungulia London, Leicester na Birmingham, wengine Kiingereza chao kikiwa cha kuombea maji tu. Binti wetu wa wiki nne atakutana nao akirudi. Kama Tanzania ilimfundisha kumwuliza mwanamke asiyejua lugha yake, akasubiri jibu, akalikubali hata likiwa hapana, basi safari yake ina mtu wa kumnufaisha huko. Kama ilimfundisha kwamba mwanamke mweusi ni mahali pa kujaribia, atarudi na somo hilo pia.

Yapo ya kujifunza kwetu ambayo hayamgharimu mama chochote, na mengi ni bora kuliko kupima njia. Chukua ile pembe ndogo ya kusikilizia mapigo ya moyo wa mtoto, iliyobuniwa na Mfaransa Adolphe Pinard mwishoni mwa karne ya 19. Huko kwao mashine imeishika kazi hiyo. Hapa mkunga huanza kwa viganja vyote viwili tumboni, hutafuta mgongo wa mtoto, huusukuma taratibu upande huu na ule mpaka ajue kichwa kiko wapi. Kisha huiweka pembe mahali pamoja tu, huinamisha sikio, huachia mkono ili pembe ishikwe na sikio lenyewe, na macho yake yanakwenda kwenye saa. Wodi ina kelele, mama wa jirani anaita Mungu wake, redio ya mlinzi inasikika dirishani. Yeye anahesabu. Dakika nzima. Mgeni akijaribu husikia mapigo yake mwenyewe, au ya mama, au hasikii kitu, na hufanya hivyo siku kadhaa kabla sikio halijafunguka. Mama hapati maumivu, hutumia muda huo kupumua. Wiki nzima ya kwanza inaweza kutumika hivyo, pamoja na kumfuta mama jasho, kumpa maji, kumtembeza, na kusaidia kumweka mtoto njiti kifuani kwa mama yake.

Ushirikiano wa kweli upo, na una sura inayotambulika. Unguja, watafiti wa Denmark waliokuwa katika Hospitali ya Mnazi Mmoja mwaka 2014 waliona kwamba miongozo ya kimataifa ilikuwa imeandikwa kwa wodi ambayo haikuwepo: mkunga mmoja kwa mama mmoja, vipimo vyote kwa wakati. Hawakuwahubiria wakunga. Walikaa nao na madaktari wa hapo, wakaandika pamoja kijitabu kifupi chenye hatua zinazowezekana kwa watumishi waliopo, na semina zikawa za wote. Katika tathmini yao, watoto waliozaliwa wafu walishuka kutoka 59 hadi 39 kwa kila vizazi 1,000. Bado ni wengi mno, lakini walioshuka ni watoto halisi. Uganda nako, kati ya 2015 na 2017, chama cha wakunga wa Uingereza na wenzao wa Uganda waliendesha mradi ambao mwanafunzi mlengwa alikuwa Mganda. Waingereza walikuja kama wenza wa wakunga wenyeji katika kujenga namna bora ya kuwalea wanafunzi hao wodini.

Sweden ilikuwa na utaratibu wake, Linnaeus-Palme, ambao sharti lake lilikuwa kubadilishana: walimu na wanafunzi wa kule waje, wa huku waende. Sharti hilo la kwenda na kurudi linabadilisha tabia ya watu haraka. Chuo kinachojua kwamba mwaka ujao kitampokea mwanafunzi kutoka Muhimbili kitafikiri upya kabla ya kumtuma wake bila maandalizi.

Maana mwanafunzi wetu akibahatika kwenda, anapokelewa kwa utaratibu. Huombwa hati ya polisi, cheti cha chanjo, uthibitisho wa lugha, barua ya chuo, na mara nyingi akifika huambiwa ataangalia tu, asiguse mgonjwa. Hakuna anayeita hiyo ubaguzi. Ni kumlinda mwanamke wa Uppsala au Bergen, na ni sawa. Hospitali zetu zinaweza kudai vile vile bila kuomba radhi: Kiswahili cha msingi kilichopimwa kabla ya viza, barua ya chuo inayosema mwanafunzi ameruhusiwa kufanya nini na nini hajaruhusiwa, mwalimu mwenye jina na simu, wiki sita au nane badala ya mbili, wageni wawili kwa leba na si kumi, kila mmoja na mwenzake wa Kitanzania ambaye idadi yake haitapunguzwa, na muuguzi msimamizi mwenye mamlaka ya kumtoa mgeni wodini siku hiyo hiyo bila kusubiri kikao.

Baadhi ya kampuni zitaona ni usumbufu na zitahamisha wateja wao. Ndiyo sababu si busara kuiachia hospitali mojamoja kazi hii, huku kila moja ikiogopa kupoteza ada kwa jirani yake. Baraza la uuguzi la Tanzania na yale ya Kenya, Uganda na Rwanda yanashirikiana ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki katika mambo ya mitaala na usajili. Yakiandika sharti moja la kupokea wanafunzi wa kigeni, mteja aliyekataliwa Moshi hatapokelewa ng'ambo ya mpaka Jumatatu inayofuata.